Una shamba kubwa unataka kuligeuza mji? Soma hii kabla hujauza kiwanja hata kimoja

Wadau, hili swali naulizwa sana, mtu ana heka 50, mwingine 100, mwingine mpaka 300 huko Bagamoyo, Kibaha, Mkuranga au Dodoma, ni za ukoo au za kampuni au za kikundi cha watu waliochanga, anataka apange viwanja auze au ajenge nyumba, na kitu cha kwanza anachouliza ni "kupima ni shilingi ngapi?" Hapo ndo wengi wanapopotelea. Kupima sio mwanzo jamani. Mwanzo ni kujua ardhi ni ya nani na ni ya aina gani, halafu unakuja mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha viwanja, barabara na huduma zitakaa wapi, mchoro ukishapita ndo upimaji, na hati zinakuja mwisho kabisa. Ukiruka hatua utailipia tena baadaye, na kibaya zaidi utaumiza watu waliokupa hela zao za jasho. Naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria zao na ofisi zao.

Tuanze na aina ya ardhi maana hapa watu wanapita mbio. Tuna Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, na ardhi iko mafungu matatu, ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Sasa unakuta mtu kanunua heka 80 kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti, mashahidi wanne, anajua kamaliza. Uliza kwanza hapo pana kijiji au mtaa? Kama bado ni kijiji, kina halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake, basi hiyo ni ardhi ya kijiji na huwezi kuichorea mji tu kwa sababu unayo karatasi. Inabidi eneo liwe limetangazwa na Waziri kuwa eneo la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali, au ardhi ihaulishwe kutoka ya kijiji kwenda ya jumla. Kuhaulisha kuna mpaka wake: eneo lisilozidi hekta 250 (hiyo ni kama heka 617) mkutano mkuu wa kijiji ndo unakubali au unakataa, likizidi hapo Waziri ndo anaamua baada ya kijiji kutoa maoni yake. Kwahiyo nenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri ukiwa na jina la kijiji au mtaa, muulize kama eneo limeshatangazwa na lini, na omba uone tangazo lenyewe, usiridhike na kuambiwa "limeshatangazwa hilo, usijali".

Na kama una mshirika raia wa nje, asiandikwe kwenye mauziano kienyeji. Asiye raia anapata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kupitia mamlaka ya uwekezaji, zamani TIC siku hizi TISEZA. Mkilazimisha kwa jina la shemeji mtakuja kugombana mbele ya safari na yule mwenye hela hatakuwa na pa kushika.

Kama shamba lina hati, fanya sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za umiliki, kwa msajili wa hati, sio kuangalia fotokopi aliyokuletea dalali. Sachi itakuonyesha jina la mmiliki, miaka iliyobaki (hati zinatoka za 33, 66 au 99), kama benki imeweka mkopo juu yake, kama kuna zuio la mtu. Ulizia na kodi ya ardhi, mashamba mengi makubwa yana deni la miaka na miaka na mengine hayajaendelezwa kabisa, kuvunja masharti ya hati kunaweza kufanya umiliki ufutwe, sasa wewe unachora mji juu ya hati ambayo iko kwenye mchakato wa kufutwa. Kwa shamba la ukoo naomba mnisikilize vizuri: muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Kama mzee alishafariki lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wajue kinachoendelea, hata yule binti aliyeolewa Tunduru ambaye mnadhani hana habari. Nimeona mradi wa heka 60 umesimama kwa sababu ya mtoto mmoja aliyesahauliwa, na alikuwa na haki yake kabisa.

Baada ya hapo tembea shamba lote kwa miguu. Sio na gari. Angalia nini kinapita. Ukanda wa Pwani kuna bomba la gesi linalotoka Mtwara, kuna bomba la mafuta la TAZAMA linalokwenda Zambia, kuna reli ya SGR, kuna laini kubwa za umeme, na kila kimoja kina njia yake ambayo hutakiwi kuweka kiwanja, nenda kwa wenye miundombinu uchukue upana kwa maandishi. Barabara kuu kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati, zile nyumba mnazoona zimewekwa alama ya X nyekundu nyingi ni za habari hii. Mto, ziwa au bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakutaka uache mita 60. Na usihesabu mto wa kiangazi, nenda masika uone maji yanapita wapi, waulize wazee wa pale. Kila mtu wa Dar anajua kinachotokea Jangwani na bonde la Msimbazi mvua ikikolea. Kile kibonde ambacho leo kina nyasi za ng'ombe, miaka mitano mbele ni sebule ya mtu iliyojaa maji mpaka kiunoni, na aliyemuuzia ni wewe.

Sasa mpango kabambe. Miji mikubwa ina mpango kabambe, yaani ramani ya mji mzima inayosema huku makazi, huku viwanda, huku kilimo, huku barabara kuu itapita, huku dampo. Dar iliwahi kuwa na wa 1949, wa 1968, na wa 1979, halafu mji ukakua miaka mingi sana bila mpango mpya mpaka ukaja huu wa 2016 hadi 2036, na matokeo ya lile pengo wote tunaishi ndani yake. Dodoma ilichorwa 1976 baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ikausimamia mji mpaka ilipovunjwa 2017. Mchoro wako wa shamba ni kipande kidogo tu ndani ya huo mpango mkubwa, kwahiyo ukakuta shamba lako limepangwa kuwa eneo la viwanda au mkanda wa kijani huwezi kupeleka mchoro wa makazi ukategemea upite kwa huruma, itabidi uombe kubadilisha matumizi na huo ni mchakato mwingine wenye bango kwenye eneo, tangazo, na watu kuruhusiwa kupinga. Kama eneo lako halina mpango kabambe, bado afisa mipango miji atakwambia michoro ya jirani imekaaje, chukua michoro hiyo. Barabara yako lazima ikutane na barabara ya jirani, hii naiona inakosewa kila siku, mtaa unaishia kwenye ukuta wa mtu.

Kabla sijaenda kwenye mchoro, wale waliomo ndani ya shamba. Wapo karibu kila mara. Kuna anayelima mihogo, kuna mwenye mikorosho, kuna bibi mwenye kibanda tangu enzi za vijiji vya ujamaa, kuna makaburi. Tafadhali sana usianze kuchora juu yao kama hawapo. Waandikishe wote mbele ya mwenyekiti na mtendaji, piga picha, halafu mthamini aliyesajiliwa afanye kazi yake, kama ni fidia ya kisheria taarifa yake inapitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na fidia sio thamani ya mikorosho tu, kuna posho ya usumbufu, usafiri, makazi. Makaburi yana sheria yake ya tangu 1969 ya kuhamisha makaburi, na kama ndugu wa marehemu hawataki mi nakushauri yaache, yazungushie uzio, yafanye sehemu ya eneo la wazi. Ule mradi wa viwanja 20,000 wa Dar ulioanza 2002, kina Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, walilipa fidia kwanza ndo wakapima na kuuza. Linganisha na Kigamboni, 2008 ikatangazwa kwamba utajengwa mji mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, miaka ikapita mtu hawezi kuongeza hata chumba, na ule mji haukuja kama ulivyochorwa. Kumfungia mtu ardhi yake halafu humlipi na hujengi ni kumla maisha yake, iwe ni serikali au ni wewe na kampuni yako ndogo.

Haya, ramani ya msingi. Mpima anakwenda saiti anachukua mipaka, miinuko, mito, nyumba zilizopo, njia, miti mikubwa. Siku hizi wanarusha droni, kazi ya wiki mbili inaisha siku mbili. Hapa nina kitu nataka kila mtu akishike. Shamba letu la familia lilipimwa zamani, na ramani za zamani za nchi hii zimetumia mfumo wa koodineti (namba za kuonyesha mahali) unaoitwa Arc 1960, wakati GPS ya mkononi na Google Earth vinatumia WGS84. Tofauti ya hiyo mifumo miwili kwa huku kwetu ni kama mita 300. Kijana aliyetuchorea mchoro wa kwanza akachukua namba za ramani ya zamani akazimwaga moja kwa moja juu ya picha ya setelaiti bila kubadilisha, mchoro ukatoka mzuri kweli, una rangi na kila kitu, kumbe kipande kizima cha upande mmoja kiko kwenye shamba la jirani na sisi kwa upande wa pili tumeacha yetu. Tumegundua mezani kwa afisa mipango miji baada ya miezi minne na hela zimeshaliwa. Kwahiyo muulize mpima swali moja tu, "hizi namba ziko mfumo gani?", asipokujibu hapo hapo tafuta mwingine. Na hakikisha mpima na mpanga miji wote wamesajiliwa kwenye bodi zao, omba namba ya usajili, uliza kwenye bodi. Kuna vijana wanajua programu za kuchorea vizuri mno lakini saini yao haina nguvu popote.

Mchoro sasa, huu ndo mradi wenyewe. Dalali atakupigia hesabu hivi: heka 100 ni mita za mraba 404,700, gawa kwa kiwanja cha mita za mraba 600, una viwanja 674. Hiyo hesabu ni ya uongo. Toa barabara, toa shule, zahanati, soko, msikiti na kanisa, viwanja vya michezo, maeneo ya wazi, mitaro, hifadhi ya mto. Chukua kwa mfano asilimia 35 imeondoka, unabaki na mita 263,000 hivi, ambavyo ni viwanja kama 438. Piga bajeti yako kwa 438, sio 674. Waliopiga kwa 674 ndo wale ambao baadaye wanamsukuma mchoraji afinye barabara na "apotezee" eneo la shule. Kanuni za viwango vya mipango miji zinasema eneo la makazi ya watu kiasi fulani linahitaji shule kubwa kiasi gani, barabara ya ndani upana gani, na afisa atakupimia kwa rula, kwahiyo mwambie mpanga miji wako akupe jedwali la matumizi, kila matumizi, idadi, mita za mraba na asilimia, hilo jedwali linakaa pembeni ya mchoro na ndo kitu cha kwanza unachotakiwa kukisoma hata kama hujui kusoma ramani.

Mambo ninayoangalia mimi kwenye mchoro: barabara zifuate mteremko vizuri ili maji yatoke, maana wengine wanachora mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu juu ya kilima. Shule isiwekwe kwenye bonde, unakuta ile sehemu mbaya ambayo haiuziki ndo inaandikwa shule, jamani watoto wetu watasomea kwenye tope? Viwanja vya biashara vikae barabara kubwa. Kila kiwanja kiwe na njia, hesabu kimoja kimoja kwa kidole. Gari la zimamoto na la maji taka liweze kugeuza. Acha sehemu ya transfoma na ya kisima au tangi la maji, kwa sababu umeme na maji huwa vinachelewa kuliko watu. Na kama shamba ni kubwa gawanya kwa vitalu na awamu, chora lote lakini pima na endeleza kitalu kimoja kimoja kadri hela inavyoingia.

Njia ya kuidhinishwa iko hivi. Unaandika barua ya kusudio kwa mkurugenzi wa halmashauri, unaambatanisha ushahidi wa umiliki na ramani ya msingi. Mnafanya kikao cha wadau kwenye mtaa, wakazi na majirani wa mpaka waone rasimu, na hapa usifanye kikao cha watu sita wa kusainishwa, ita watu kweli, bandika mchoro ukutani, waache waongee. Kile kikao ndo kinga yako kesho jirani akisema hakujua. Hakikisha muhtasari una orodha ya mahudhurio yenye majina, saini na namba za simu, na uwe na nakala yako. Rasimu inaenda kwa afisa mipango miji, anarudisha marekebisho, na yatakuwepo tu, usikasirike. Ikitoka hapo inaingia kamati ya madiwani inayohusika na mipango miji. Kamati za madiwani zina ratiba yake, ukikosa kikao hiki unasubiri kingine, kwahiyo uliza tarehe mapema na peleka makabrasha yote yakiwa yamekamilika. Kamati ikipitisha, mchoro unapanda kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji wa Wizara ya Ardhi au ofisi yake ya mkoa, unasainiwa, unagongwa muhuri, unapewa namba ya mchoro. Mpaka siku unaona hiyo namba na saini, huna mchoro, una rasimu. Neno "umeshapita, bado kusainiwa tu" halina maana yoyote, hilo ndo neno lililowatia watu wengi hasara.

Na hapa ndo naomba kwa moyo wote, usiuze kabla. Najua presha ya hela ilivyo, fidia inataka kulipwa, mpima anataka chake. Lakini ukimuuzia mtu kiwanja namba 112 kwenye rasimu, halafu marekebisho yakaja na 112 ikawa barabara, utampa nini? Mwalimu amekopa benki, anakatwa mshahara kila mwezi kwa kiwanja ambacho hakipo. Kama lazima uchukue hela za watu mapema, basi waandikishe kwenye mkataba uliosimamiwa na wakili, useme wazi mchoro haujaidhinishwa, namba zinaweza kubadilika, na wakitaka hela yao inarudi ndani ya muda gani. Na hela yenyewe ikae akaunti ya peke yake.

Kitu kingine ni maeneo ya wazi. Mchoro ukishaidhinishwa yale maeneo sio yako tena kuyachezea. Kuna watu miaka mitatu baadaye wanarudi kimyakimya na "marekebisho ya mchoro", uwanja wa mpira unakuwa viwanja nane. Kubadilisha kunahitaji mchakato ule ule, kikao, kamati, Wizara, na walionunua wana haki ya kupinga kwa sababu walinunua wakiona uwanja pale. Wanunuzi mnaosoma hii, wekeni nakala ya mchoro wenye muhuri majumbani kwenu.

Mazingira yanakwenda sambamba, usisubiri mwisho. Mradi mkubwa wa makazi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, unasajili mradi NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, wanakwambia uko kundi gani, mtaalam aliyesajiliwa anaandaa ripoti. Muunganishe huyo mtaalam na mpanga miji tangu rasimu ya kwanza, maana akija mwisho akakwambia bwawa la maji taka likae kitalu C na kitalu C kimeshauzwa, mnarudi kote.

Upimaji wenyewe nitausema kwa kifupi kwa sababu mchoro ukiwa sawa huu ni kazi ya wataalam. Mpima anaomba kibali cha upimaji, anaweka bikoni, yaani alama za mpaka, kila kona kufuata mchoro ulioidhinishwa, anapeleka mahesabu na ramani, zinakaguliwa na kuidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, inapata namba yake ya usajili. Nenda saiti uhesabu bikoni, na waambie wachunga ng'ombe na vijana wa pale kwamba kung'oa bikoni ni kosa la jinai. Kama shamba lilikuwa na hati moja kubwa, ile hati inarudishwa kwa msajili ndo zitoke za viwanja, na kama ilikuwa ya kilimo lazima matumizi yawe yameshabadilishwa, na kama benki inadai lazima iridhie kwa maandishi.

Kwenye hati fikiria kitu kimoja mapema na wakili wako, hati zitoke kwa jina la nani? Zikitoka zote 438 kwa jina la kampuni, kila kiwanja unachouza kinakuwa uhamisho, kina uthamini, kina kodi za TRA, na kodi ya ardhi ya vile ambavyo havijauzwa inakuhesabia wewe kila mwaka. Kama ardhi haikuwa na hati kabla, inawezekana mnunuzi akamilikishwa moja kwa moja kwa barua yako na mkataba wake wa mauziano, uliza halmashauri yako wanafanyaje. Ukijenga maghorofa ya kuuza fleti moja moja, hiyo inaingia kwenye Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, kila fleti na hati yake, na wenye fleti wanakuwa na chama chao.

Hati ikitoka usiisaini kwa furaha ukaondoka. Kaa pale pale dirishani, soma jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, soma namba ya kiwanja na kitalu, linganisha ukubwa wa mita za mraba na ramani ya upimaji, angalia matumizi yaliyoandikwa ni makazi au makazi na biashara, na miaka. Ukikuta kosa rudisha siku hiyo hiyo.